Mkongwe, Mwenyeji na Mahiri: Uhakiki wa Dhana ya Uzoefu katika Tafiti za Zana za Akili Unde za Kuandikia Programu

Ikisiri

Makala hii inahakiki tafiti teule zilizochapishwa kati ya mwaka 2022 na 2025 kuhusu athari za zana za akili unde kwa watengenezaji wa programu za kompyuta wenye viwango tofauti vya uzoefu. Baadhi ya tafiti hizo zinadai kwamba anayeanza kazi hunufaika zaidi kuliko aliyebobea. Nyingine inaonyesha kwamba aliyebobea hucheleweshwa. Makala inajenga hoja kwamba mgongano huo kwa sehemu kubwa unatokana na dhana ya uzoefu kutumiwa kwa maana tofauti bila ya kufafanuliwa. Kwa kuongozwa na nadharia ya Naur (1985) na hoja za Bainbridge (1983), makala inatenganisha ukongwe, wenyeji, umahiri na mazoea ya zana, kisha inaonyesha ni kipi kati ya hivyo kilichopimwa katika kila utafiti. Inahitimishwa kwamba kasi ya mwanagenzi imepimwa vizuri, ilhali njia inayomfikisha mwanagenzi kwenye umahiri bado haijapimwa ipasavyo.

1.0 Utangulizi

Tangu GitHub Copilot ilipotolewa kwa majaribio mwezi Juni 2021, na hasa baada ya ChatGPT kufunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022, kazi ya kuandika msimbo wa kompyuta imepata msaidizi ambaye hapo awali hakuwapo. Mtengenezaji wa programu (kuanzia hapa, mwanaprogramu) huandika maelezo mafupi ya anachokitaka, au huanza mstari na kuuacha nusu, nayo zana humkamilishia. Swali moja limewashughulisha watafiti wengi tangu wakati huo: je, msaidizi huyu humfaa zaidi nani, anayeanza kazi au aliyekwisha kubobea?

Majibu yaliyotolewa yanaonekana kukinzana. Peng na wenzake (2023) walibaini kwamba waliotumia Copilot walimaliza kazi kwa muda uliopungua kwa asilimia 55.8, na kwamba wenye uzoefu mdogo walielekea kufaidika zaidi. Becker na wenzake (2025), wakichunguza wanaprogramu waliobobea katika programu huria, walibaini kwamba waliporuhusiwa kutumia zana hizo walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Wasomaji wengi wa matokeo haya mawili huyaunganisha kwa sentensi moja nyepesi, kwamba akili unde humwinua mdogo na kumpunguza kasi mkubwa, na hivyo husawazisha.

Makala hii inaipinga sentensi hiyo. Hoja ya msingi ni kwamba tafiti hizi hazikupima kigeu kimoja, ingawa zote zimekiita uzoefu. Hoja hii ina uzito nje ya kurasa za kitaaluma, kwa sababu waajiri na vyuo hufanya maamuzi kwa kuzitegemea takwimu hizo. Anayeamini kwamba zana humfikisha mwanagenzi mahali alipo fundi ataona hakuna haja ya kumlipa mwanagenzi wakati anajifunza. Ikiwa imani hiyo imejengwa juu ya kipimo kisichofaa, hasara yake itaonekana baada ya miaka, wakati mafundi wa sasa watakapostaafu.

2.0 Msingi wa Kinadharia: Neno Moja, Mambo Manne

Neno uzoefu limetokana na kitenzi kuzoea. Mzoefu ni yule ambaye jambo limemkuta mara nyingi kiasi kwamba halimshangazi tena. Hata hivyo, Kiswahili hakimwachii mzoefu peke yake kazi ya kueleza tofauti kati ya wafanyakazi. Yupo mkongwe, ambaye amekaa kazini muda mrefu. Yupo mahiri, ambaye kazi yake hutoka vizuri. Yupo mwenyeji, ambaye anapajua mahali: njia zake, majirani wake, na sababu ya mlango kuwa upande huu. Mtu aweza kuwa mkongwe asiwe mahiri. Aweza kuwa mahiri akawa mgeni. Mazungumzo ya kila siku hayayachanganyi mambo haya. Tafiti zinazohakikiwa hapa huyachanganya, kwa kuwa neno la Kiingereza zinalolitumia limeyabeba yote pamoja.

Kwa madhumuni ya uhakiki huu, mambo manne yanatenganishwa: ukongwe, yaani miaka ya kazi au ya ajira, wenyeji, yaani kuufahamu msimbo mahususi unaofanyiwa kazi, umahiri, yaani uwezo wa kutatua tatizo na kutambua suluhisho lililo bovu, na mazoea ya zana, yaani muda ambao mtu ameitumia akili unde yenyewe.

Umuhimu wa kuutenga wenyeji unatokana na Naur (1985), mwanasayansi wa kompyuta wa Denmaki, aliyeeleza kwamba kutengeneza programu ni kujenga nadharia. Kwa mtazamo wake, msimbo ulioandikwa ni alama tu ya kitu kikubwa zaidi, ambacho ni uelewa walio nao walioutengeneza: kwa nini sehemu hii iko hivi, na ikiguswa nini kitatokea kwingine. Uelewa huo hauandikiki wote. Chukua mfano wa mstari unaoisubirisha programu kwa sekunde mbili kabla ya kurudia kutuma malipo. Mgeni ataona mstari usio na kazi na kuufuta ili programu iende haraka. Mwenyeji anakumbuka kwamba uliwekwa baada ya wateja kukatwa fedha mara mbili. Msimbo wenyewe haukusema lolote. Kilichosema ni kumbukumbu ya aliyekuwapo.

Nguzo ya pili ni Bainbridge (1983), aliyeandika kuhusu mitambo ya viwandani iliyoendeshwa kiotomatiki. Alionyesha kwamba mtambo huchukua sehemu rahisi za kazi na kumwachia binadamu zilizo ngumu, na wakati huohuo humnyima mazoezi ambayo yangemwezesha kuzimudu hizo ngumu. Alitahadharisha pia kwamba mitambo ya wakati wake ilikuwa ikisimamiwa na watu waliojifunza kazi kwa mikono, na kwamba kizazi kinachofuata kisingekuwa na msingi huo. Tahadhari hiyo ilitolewa miongo kadhaa kabla ya Copilot, na katika mjadala wa makala hii itarejelewa tena.

3.0 Uhakiki wa Tafiti Teule

3.1 Wote ni Wageni: Jaribio la Seva

Peng na wenzake (2023) waliwaajiri wanaprogramu 95 kupitia Upwork na kuwagawa kinasibu katika vikundi viwili. Kazi ilikuwa moja kwa wote: kuandika seva ya HTTP kwa lugha ya JavaScript haraka iwezekanavyo. Kikundi kilichopewa Copilot kilitumia wastani wa dakika 71, na kikundi linganishi dakika 161. Mgawanyo wa kinasibu unaipa tofauti hiyo nguvu ambayo tafiti za hojaji hazina, na uhakiki wa haki hauna budi kulikiri hilo mwanzoni.

Udhaifu uko kwenye kazi iliyochaguliwa. Seva ya HTTP ni zoezi linalofanana kokote duniani. Mifano yake imejaa katika maandishi yaliyotumika kuifunza zana. Hakuna msimbo wa zamani wa kuheshimu, hakuna mwenzako aliyeandika sehemu nyingine, hakuna mteja wa jana. Kwa maneno mengine, hakuna mwenyeji hata mmoja katika jaribio hili. Mkongwe na mchanga wote wamesimama kwenye kiwanja kitupu, na aliye karibu zaidi kuwa mwenyeji wa kiwanja hicho ni zana yenyewe. Si ajabu, basi, kwamba asiyekuwa na mazoea ya kazi hiyo alisaidika zaidi: alikuwa na mengi ya kuazima.

Aidha, kilichopimwa ni muda wa kumaliza. Kiwango cha kufaulu kwa vikundi viwili hakikutofautiana kwa kiasi chenye uzito wa kitakwimu. Jaribio halikuuliza kama aliyemaliza kwa dakika 71 angeweza kuirekebisha seva yake siku ya pili ilipoharibika. Upeo wa uhakika wa asilimia 95 nao ni mpana, kati ya asilimia 21 na 89, jambo ambalo hupotea kila takwimu ya 55.8 inaponukuliwa peke yake. Inafaa pia kukumbuka kwamba miongoni mwa waandishi wamo watafiti wa GitHub na Microsoft, yaani mwenye zana na kampuni mama yake. Hilo halibatilishi matokeo, lakini linaongeza haja ya kuyapima kwa matokeo ya wengine.

3.2 Ukongwe wa Ajira: Majaribio ya Makampuni

Cui na wenzake (2024) walipiga hatua kwa kuitoa kazi kwenye maabara. Walichanganua majaribio matatu yaliyohusisha wanaprogramu 4,867 wa Microsoft, Accenture na kampuni nyingine kubwa ambayo haikutajwa jina. Walibaini ongezeko la asilimia 26 la kazi zilizokamilishwa kwa kila wiki. Waliokuwa na muda mfupi katika kampuni waliongeza kati ya asilimia 27 na 39. Wakongwe kati ya asilimia 8 na 13.

Hapa uzoefu maana yake ni muda wa ajira na cheo. Kipimo hiki kinachanganya mambo mawili ambayo makala hii imeyatenga. Aliyeajiriwa miezi sita iliyopita anaweza kuwa mchanga wa kazi nzima, lakini pia anaweza kuwa fundi wa miaka 15 aliyehama kutoka kampuni nyingine. Wote wawili ni wageni wa msimbo wa kampuni. Ni mmoja tu aliye mwanagenzi. Ongezeko la asilimia 27 hadi 39 likisomwa kama faida ya mwanagenzi, huenda sehemu yake ni faida ya mgeni mahiri, ambaye zana imemsaidia kupita haraka katika nyumba asiyoijua huku akijua vizuri nyumba hujengwaje. Watafiti waliangalia pia ngazi ya cheo, na mwelekeo ulikuwa uleule. Hata hivyo, cheo hupandishwa kwa muda kama kwa umahiri.

Tatizo la pili ni kipimo cha tija. Kilichohesabiwa ni maombi ya kuunganisha msimbo kwenye msimbo mkuu. Kila ombi husomwa na mtu mwingine kabla ya kupokewa, na kwa kawaida msomaji huyo ni mkongwe. Mchanga akiongeza maombi kwa theluthi moja, kazi ya kuyasoma nayo huongezeka mahali fulani. Hesabu ya mtu mmoja mmoja inaonyesha mapato ya aliyeandika, na gharama ya aliyesoma haiandikwi upande wake wa daftari. Kwa hiyo inawezekana kwamba sehemu ya pengo kati ya asilimia 39 na asilimia 8 ni wakati wa mkongwe uliohamia kwenye kazi ya mchanga. Utafiti haukubuniwa kulijibu swali hilo, na wanaounukuu wasiuchukulie kana kwamba umelijibu.

3.3 Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Jaribio la Programu Huria

Becker na wenzake (2025), wa taasisi ya METR ya Marekani, walichagua njia iliyo kinyume na ile ya Peng na wenzake. Waliwachukua wanaprogramu 16 wanaochangia katika programu huria kubwa, ambazo kila mmoja alikuwa amezifanyia kazi kwa wastani wa miaka 5. Wao wenyewe walileta kazi halisi zilizokuwa zikisubiri, jumla yake 246, na kila kazi ikapangiwa kinasibu kama akili unde itaruhusiwa au la. Waliporuhusiwa, wengi walitumia Cursor pamoja na modeli za Claude 3.5 na 3.7 Sonnet. Kabla ya kuanza, walitabiri kwamba muda ungepungua kwa asilimia 24. Muda uliongezeka kwa asilimia 19.

Methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone inaeleza vizuri kilichotarajiwa: zana ije, mwenye kazi apumue. Katika jaribio hili mwenyeji hakupona. Rekodi za skrini zinaonyesha muda ukitumika kuandika maelekezo, kusubiri majibu, kuyakagua na kuyasafisha. Msimbo uliopendekezwa na zana ulikubaliwa kwa chini ya nusu. Mwenyeji alijikuta akimweleza mgeni nyumba yake, kisha akitembea nyuma yake kurudisha vitu mahali pake.

Maelezo mbadala nayo yana methali yake: mzoea punda hapandi farasi. Inawezekana kwamba washiriki walichelewa kwa kuwa hawakuizoea zana. Chini ya nusu yao walikuwa wameshawahi kutumia Cursor, na mshiriki mmoja aliyekuwa na zaidi ya saa 50 za kuitumia aliongeza kasi. Maelezo haya hayapaswi kupuuzwa, ingawa mshiriki mmoja si ushahidi wa kutosha. Lakini upo ushahidi mwingine ndani ya utafiti wenyewe unaoegemea upande wa wenyeji. Ucheleweshaji ulikuwa mkubwa zaidi katika kazi ambazo mshiriki alisema ameshakutana nazo sana hapo awali. Kama sababu ingekuwa ugeni wa zana peke yake, ucheleweshaji ungetarajiwa kulingana katika kazi zote za mtu yuleyule, kwa sababu ugeni wake kwa zana ni uleule. Tofauti kati ya kazi na kazi ya mtu mmoja inaelekeza kwenye jambo ambalo Naur alilieleza: pale nadharia ya programu imekamilika kichwani mwa mtu, msaidizi asiyekuwa nayo humwongezea mzigo wa kutafsiri.

Mipaka ya utafiti huu ni dhahiri na waandishi wake wameitaja. Watu 16 ni wachache. Zana zilikuwa za nusu ya kwanza ya mwaka 2025, na zana hubadilika. Jambo linalosisitizwa hapa ni dogo lakini la lazima: utafiti huu haukuwalinganisha wakongwe na wachanga. Hakuna mchanga hata mmoja ndani yake. Ulimlinganisha mwenyeji na yeye mwenyewe. Kuunukuu kama ushahidi kwamba akili unde huwafaa wachanga na kuwadhuru wakongwe ni kuutwisha mzigo ambao haukuubeba.

3.4 Wachanga Hawafanani: Tafiti za Wanaojifunza

Ikiwa tafiti tatu zilizotangulia hazikumtenga mwanagenzi vizuri, zipo zilizomtazama yeye peke yake. Prather na wenzake (2024) waliwachunguza wanafunzi 21 wa uandishi wa programu kwa kufuatilia mwendo wa macho yao na kuwahoji. Waligundua makundi mawili ndani ya kundi moja. Wapo waliokuwa na mpango kichwani kabla ya kuuliza. Hao waliichukua zana kama njia ya mkato kuelekea mahali walipokwisha kupajua, na wakaharakisha. Wapo waliokwama tangu kulielewa swali. Hao zana iliwazidishia matatizo waliyokuwa nayo, na wengine walimaliza wakiamini wameelewa zaidi ya walivyoelewa kwa kweli.

Matokeo haya yanapaswa kusomwa sambamba na ya Kazemitabaar na wenzake (2023), ambayo kwa mtazamo wa kwanza yanatoa picha ya matumaini. Vijana 69 wa umri wa miaka 10 hadi 17 walijifunza Python, baadhi yao wakisaidiwa na zana ya Codex. Waliosaidiwa walikamilisha zaidi na kupata alama za juu zaidi, na walipopimwa baada ya wiki moja bila ya zana hawakuonekana kudhurika. Huu ni ushahidi muhimu dhidi ya wanaodai kwamba zana huharibu kujifunza kwa kila hali, na mhakiki hana haki ya kuuficha. Lakini undani wake unakubaliana na Prather na wenzake: walionufaika zaidi katika kipimo cha baadaye ni wale waliokuwa na alama za juu katika jaribio la awali. Tena, vijana hao walipewa kwanza mtiririko wa mafunzo uliopangwa, jambo ambalo mwanagenzi aliyeachwa peke yake na zana kazini halipati.

Kwa hiyo hata kundi linaloitwa wachanga si kundi moja. Kinachowatenganisha ni uwezo wa kujua kwamba hujui, kuligawa tatizo, na kulitilia shaka jibu lililopambwa vizuri. Huo ni umahiri katika hatua yake ya mwanzo, na hauhesabiki kwa miaka. Dai la usawazishaji linapata pigo hapa: ndani ya wachanga wenyewe, zana inaonekana kuutanua mwanya.

4.0 Mjadala

4.1 Ushahidi wa Mhusika Mwenyewe

Jambo moja linajirudia katika tafiti hizi na linawahusu moja kwa moja watahini wa tasnifu. Washiriki wa Becker na wenzake, baada ya kumaliza kazi zote na kucheleweshwa kwa asilimia 19, bado walikadiria kwamba zana imewapunguzia muda kwa asilimia 20. Tofauti kati ya walichohisi na kilichotokea ni takriban pointi 39. Hawa ni mafundi waliobobea, wakizungumzia kazi walizozijua, mara tu baada ya kuzifanya. Vaithilingam na wenzake (2022) walikuwa wamekwisha kuona dalili hiyo: washiriki wao 24 waliipenda Copilot ingawa haikuwapunguzia muda wala kuwaongezea kufaulu kwa kiasi cha kutambulika. Perry na wenzake (2023) walikuta jambo hilo katika usalama wa msimbo. Kati ya washiriki wao 47, waliotumia zana waliandika msimbo wenye udhaifu zaidi wa kiusalama, na walielekea zaidi kuamini kwamba walichoandika ni salama. Walioitilia shaka zana na kuyarekebisha maelekezo yao walifanya vizuri zaidi.

Athari yake kimbinu ni nzito. Hojaji inayomwuliza mwanaprogramu kama akili unde imemwongezea tija hupima hisia ya tija. Hisia hiyo inastahili kuchunguzwa kwa nafasi yake, kwa kuwa mtu anayeiona kazi kuwa nyepesi huenda akadumu nayo. Lakini tasnifu inayodai kupima tija kwa hojaji peke yake, ilhali mafundi wenyewe walikosea hata upande wa mshale, haina budi kuhojiwa. Mwanagenzi ana tatizo kubwa zaidi, kwani hana kumbukumbu ya kazi isiyokuwa na zana ya kuilinganisha nayo.

4.2 Ngazi ya Ufundi

Dai la usawazishaji limechukuliwa kwa kiasi fulani kutoka nje ya uandishi wa programu. Brynjolfsson na wenzake (2023) walichunguza wahudumu 5,179 wa huduma kwa wateja na kubaini ongezeko la tija la asilimia 14 kwa wastani, na asilimia 34 kwa wapya na wenye ujuzi mdogo. Maelezo yao ni ya kuridhisha: zana iliyachukua mazoea ya wahudumu bora na kuyasambaza kwa wengine. Lakini mazungumzo na mteja huisha simu inapokatwa. Msimbo hauishi unapokubaliwa. Hubaki, huendeshwa, husomwa na wengine na kurekebishwa kwa miaka mingi, na kila anayeurekebisha huhitaji ile nadharia ambayo Naur alisema haiandikiki. Zana inaweza kumpa mwanagenzi maandishi ya fundi. Haiwezi kwa kitendo hichohicho kumpa sababu za maandishi hayo.

Hapa ndipo tahadhari ya Bainbridge inaporudi. Kazi ambazo zana huzimudu vizuri zaidi ni zilezile ambazo kwa desturi alipewa mwanagenzi: kurekebisha hitilafu ndogo, kuandika majaribio ya msimbo, kunakili muundo uliopo mahali papya. Kiuchumi, kazi hizo zilikuwa za thamani ndogo. Kimafunzo, zilikuwa ngazi. Kwa kurekebisha hitilafu ndogo 100 mtu aliijua nyumba, na siku moja akawa mwenyeji bila ya yeyote kutangaza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zana imefika, na cha mvunguni kinatolewa bila ya mtu kuinama.

Dalili za awali katika soko la ajira la Marekani zinaupa mjadala huu haraka yake. Brynjolfsson, Chandar na Chen (2025), wakitumia takwimu za malipo ya mishahara za kampuni ya ADP, walionyesha kwamba ajira za vijana wa miaka 22 hadi 25 katika kazi zilizo wazi zaidi kwa akili unde zilipungua kwa asilimia 13 zikilinganishwa na za wengine. Kwa wanaprogramu wa umri huo, ajira zilishuka kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele cha mwishoni mwa mwaka 2022 hadi Julai 2025, ilhali za wakubwa wao hazikushuka hivyo. Uhusiano huu unaweza kuwa na sababu nyingine zilizochangia, kama vile ajira zilizozidi wakati wa janga la korona na kupanda kwa riba, ingawa watafiti walijaribu kuzitenga athari za namna hiyo.

Hata kwa tahadhari hiyo, mkinzano unabaki wa kutazamwa. Ikiwa tafiti za tija zingesomwa kama kawaida, mwanagenzi ndiye aliyepaswa kutafutwa zaidi, kwa kuwa ndiye aliyeongezewa thamani zaidi. Soko linaelekea kumwacha. Maelezo yanayopendekezwa na uhakiki huu ni kwamba mwajiri amezisoma takwimu hizo kwa namna nyingine: kama zana inafanya kazi ya mwanagenzi, mwanagenzi anaongeza nini? Jibu sahihi ni kwamba anaongeza fundi wa miaka 10 ijayo, lakini hakuna utafiti kati ya vilivyohakikiwa ambao kipimo chake kingeweza kuiona thamani hiyo. Jaribio refu zaidi la kujifunza lilipima baada ya wiki moja.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba ukinzani kati ya tafiti kuhusu wachanga na waliobobea ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Peng na wenzake walipima kazi isiyo na mwenyeji. Cui na wenzake walipima ukongwe wa ajira, ambao umebeba ndani yake ugeni na uchanga pamoja. Becker na wenzake walimpima mwenyeji dhidi ya nafsi yake. Prather na wenzake walionyesha kwamba uchanga nao una ndani yake umahiri unaochipuka na usiochipuka. Kila moja ni sahihi mahali pake. Kosa liko katika kuzijumlisha.

Mapendekezo matatu yanatokana na uhakiki huu. Kwanza, watafiti watakaolichunguza suala hili, wakiwemo watakaolifanya kwa Kiswahili katika vyuo vya Afrika Mashariki, wataje bayana ni uzoefu upi wanaoupima, na inapowezekana waupime wenyeji peke yake kwa kumpa mtu yuleyule kazi katika msimbo anaoujua na asioujua. Pili, kujiripoti kusikubaliwe kuwa kipimo pekee cha tija. Tatu, tafiti za wanagenzi ziwe na kipimo cha baadaye, cha miezi badala ya siku, ambapo mwanagenzi anarudishiwa msimbo wake ulioharibika na kutakiwa kuurekebisha bila ya zana na kueleza alichokifanya. Kipimo hicho kitakuwa cha gharama na hakitatoa takwimu ya kuvutia mapema. Hata hivyo, ndicho kitakachoweza kuonyesha kama aliyeharakishwa leo yuko njiani kuwa fundi, au amefikishwa mwisho wa kazi bila ya kupita mahali ambapo ufundi hupatikana.